Programu iendelee kufanya kazi hata boti iko katikati ya ziwa: mwongozo kamili wa kutumia data ya kache bila koneksiyo

Ukipanda boti Bukavu kwenda kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mtandao unakusindikiza kidogo halafu simu inaanza kuhangaika, mara inashika wa ng'ambo Rwanda, mara haishiki kitu kabisa. Sasa fikiria muuzaji wa depo ya dawa ambaye kazi yake ni kuzunguka vituo vya afya huko kisiwani kuchukua oda, na programu yake kila ukibonyeza kitu inataka kwanza kuongea na seva, ile kompyuta kuu inayotunza data ya wote. Huyo mtu atarudi kwenye daftari na bic siku ya kwanza, na ana haki.

Mimi niliitengenezea depo moja ya Kadutu programu ya namna hiyo, nikaiwekea kache (nakala ya data inayokaa kwenye mashini yenyewe), nikafurahi, na baada ya wiki mbili mzee wa depo akaniita. Alikuwa amesimama mbele ya makartoni ya paracetamol, fakture mkononi, akaniambia: "Iyi mashini yako inasema bongo," yaani uongo. Alikuwa sahihi. Asubuhi stoki ilikuwa makartoni 120. Muuzaji wa kwanza alienda Idjwi na laptop yake, akauza 30, mashini yake ikaandika stoki ni 90. Wa pili alikuwa upande wa Kabare, yeye pia alibeba namba 120, akauza 50, mashini yake ikaandika 70. Jioni wote wawili wakapata koneksiyo, ya kwanza ikatuma 90, ya pili ikatuma 70, na seva ikabaki na 70 kwa sababu ndiyo iliyofika mwisho. Hesabu ya kweli ni 40. Makartoni 30 hewa, na kuna mtu kule pembeni ya ziwa ameahidiwa dawa ambayo haipo.

Kosa lilikuwa langu, halikuwa la mtandao. Nilikuwa natuma matokeo (stoki ni 70) badala ya kutuma tukio (zimetoka 50). Ukielewa tofauti hiyo, robo tatu ya kazi imeisha, kwa hiyo kila hatua hapa chini inazunguka hapo hapo. Natumia lugha ya Python, na SQLite (databesi ndogo inayokaa kwenye faili) kwenye laptop na PostgreSQL (databesi kubwa) kwenye seva, lakini wazo ni lile lile hata ukiwa unaandika kwa Kotlin au Dart.

Kabla ya yote, kache ikae wapi

Waliopita kwenye lugha ya C# wanaijua DataSet: unaijaza data kutoka databesi, unafunga koneksiyo, unafanya kazi kwenye memori, na kila mstari unakumbuka thamani yake ya zamani na mpya, halafu ukirudi unaita Update na kama mtu mwingine amegusa mstari huo katikati unarushiwa kosa la DBConcurrencyException. Wazo zuri sana na lina miaka mingi, tangu .NET (jukwaa la C#) ya kwanza ya 2002. Shida yake kwetu ni moja, memori inakufa na umeme. Betri ikizima mchana pale Idjwi na oda kumi na mbili ziko kwenye memori, zimekwenda. Kwa hiyo sisi tunataka faili kwenye diski, na faili hiyo ni SQLite.

```
import sqlite3, uuid
from datetime import datetime, timezone

def fungua(njia):
    db = sqlite3.connect(njia, timeout=10)
    db.row_factory = sqlite3.Row
    db.execute("PRAGMA journal_mode=WAL")
    db.execute("PRAGMA synchronous=FULL")
    db.execute("PRAGMA foreign_keys=ON")
    return db
```

Hiyo WAL (mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye faili ya pembeni) inaruhusu skrini isome wakati sehemu nyingine ya programu inaandika, bila kusubiriana. Utaona watu wengi mtandaoni wanashauri uweke synchronous=NORMAL ili iwe na kasi. Usiwafuate hapa. Kwenye WAL, NORMAL haiharibu faili umeme ukikatika, hilo ni kweli, lakini mauzo ya mwisho mwisho yanaweza kupotea hata kama programu ilishasema yamehifadhiwa. Kwa mtu anayeuza dawa mahali ambapo umeme unakatika bila kuaga, afadhali kila oda ichelewe kidogo tu kuliko ipotee. Acha FULL.

Chagua kinachosafiri

Usibebe databesi yote. Muuzaji anahitaji bidhaa, bei, wateja wa njia yake, na tarehe za kuisha za dawa, basi. Hahitaji mishahara, hahitaji wateja wa upande mwingine. Mega za intaneti zinauzwa kwa pesa, na laptop ikiibiwa, kilichomo ndicho kilichoibiwa. Kama kuna majina ya wagonjwa usiyaweke kabisa, na kama huna budi, funga faili kwa SQLCipher, SQLite yenye nywila.

Majedwali yangu yako hivi, nimepunguza ili yasomeke:

```
CREATE TABLE bidhaa (
  id TEXT PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  bei_senti INTEGER NOT NULL,
  toleo INTEGER NOT NULL,
  imefutwa INTEGER NOT NULL DEFAULT 0
);
CREATE TABLE stoki_ya_seva (
  bidhaa_id TEXT PRIMARY KEY,
  idadi INTEGER NOT NULL
);
CREATE TABLE mwendo (
  id TEXT PRIMARY KEY,
  bidhaa_id TEXT NOT NULL REFERENCES bidhaa(id),
  tofauti INTEGER NOT NULL,
  bei_senti INTEGER NOT NULL,
  kiwango INTEGER NOT NULL,
  saa_utc TEXT NOT NULL,
  hali TEXT NOT NULL DEFAULT 'inasubiri'
);
CREATE TABLE alama (jina TEXT PRIMARY KEY, thamani TEXT);
```

Angalia vizuri: stoki_ya_seva ni namba tuliyopewa na seva, laptop hairuhusiwi kuigusa kwa mkono wake. Laptop inaandika kwenye mwendo tu. Mauzo ya makartoni 30 ni mstari wenye tofauti -30, mteja akirudisha 2 ni mstari mwingine wenye 2. Hakuna kufuta, hakuna kusahihisha mstari wa zamani, ukikosea unaandika wa kurekebisha, kama wahasibu wanavyofanya kwenye kitabu.

Pesa iko kwenye senti kama namba kamili, usitumie namba zenye nukta. Na ile kiwango ni ya kwetu kabisa, bei tunaipanga kwa dola lakini mteja analipa faranga, na kiwango cha leo si cha kesho. Kama utahifadhi dola peke yake halafu ukahesabu faranga siku ya kusawazisha, sanduku halitakubali, muuzaji ataonekana ameiba wakati hajagusa hata faranga mia. Andika kiwango kilichotumika pale pale kwenye mauzo.

Kusoma

Sheria moja tu: skrini inasoma kwenye faili ya hapa, siku zote, hata koneksiyo ikiwepo. Ukiandika "kama kuna mtandao soma seva, kama hakuna soma kache" utakuwa na programu mbili ndani ya moja, na ile ya bila mtandao hutaijaribu vya kutosha mpaka siku mtu anakwama nayo. Mtandao kazi yake ni kulisha faili kwa nyuma.

Stoki anayoiona muuzaji inahesabiwa hivi:

```
SELECT s.idadi + COALESCE(
  (SELECT SUM(m.tofauti) FROM mwendo m
   WHERE m.bidhaa_id = s.bidhaa_id
     AND m.hali = 'inasubiri'), 0)
FROM stoki_ya_seva s WHERE s.bidhaa_id = ?
```

Yaani namba ya seva, jumlisha yote niliyofanya mimi ambayo seva haijayajua. Na juu ya skrini, kwa herufi zinazoonekana, weka "Stoki ya jana saa 11 jioni". Usiifiche kwenye menyu. Muuzaji akijua namba ina siku mbili atapiga simu depo kabla ya kuahidi kitu kikubwa, asipojua ataahidi tu.

Kuandika

```
def uza(db, bidhaa_id, idadi, bei_senti, kiwango):
    with db:
        db.execute(
            "INSERT INTO mwendo (id, bidhaa_id, tofauti,"
            " bei_senti, kiwango, saa_utc)"
            " VALUES (?,?,?,?,?,?)",
            (str(uuid.uuid4()), bidhaa_id, -idadi,
             bei_senti, kiwango,
             datetime.now(timezone.utc).isoformat()))
```

Ile `with db` inafunga kila kitu kwenye transaksheni moja, ikikwama katikati inarudisha nyuma. Kitambulisho ni UUID (msimbo mrefu wa nasibu usiojirudia) inayotengenezwa hapo hapo kwenye laptop, usitumie namba za 1, 2, 3 zinazojiongeza, kwa sababu laptop mbili zisizoonana zote zitatengeneza oda namba 57 na zikikutana kwenye seva ni vita.

Saa ni ya UTC, saa moja ya kulinganishia dunia nzima. Hili watu wanalidharau, lakini nchi yetu, Kongo, ina saa mbili tofauti: Bukavu, Goma na Lubumbashi tuko UTC+2, Kinshasa ni UTC+1. Ukiandika saa ya ukutani bila kusema ni ya wapi, oda ya saa sita na nusu usiku ya hapa kwa mhasibu wa Kinshasa ni ya jana yake, na ripoti za siku hazitalingana kamwe. Tena saa ya laptop yenyewe inaweza kuwa ya uongo, zile mashini za mitumba betri ndogo ya ndani ikifa zinarudi miaka nyuma kila ukizizima. Kwa hiyo saa hiyo ni ya kuonyesha tu. Usiitumie kuamua nani alikuwa wa kwanza.

Kutuma

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na mimi nilianguka mara ya pili hapa.

Programu inatuma oda, seva inaipokea, inaihifadhi, inajibu "sawa", na jibu linapotea njiani kwa sababu boti imepita nyuma ya kilima. Laptop haijui. Kwake yeye oda haijafika, kwa hiyo itatuma tena, na inapaswa kutuma tena, ndiyo kazi yake. Kazi ya seva ni kupokea kitu kile kile mara tano na kukihesabu mara moja:

```
INSERT INTO mwendo
  (id, bidhaa_id, tofauti, bei_senti, kiwango, saa_utc)
VALUES (%s, %s, %s, %s, %s, %s)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING
RETURNING id
```

PostgreSQL inayo hiyo ON CONFLICT tangu toleo la 9.5. RETURNING ndiyo muhimu: ikirudisha id maana yake mstari ni mpya, punguza stoki, isiporudisha kitu maana yake ulishaupokea zamani, usiguse stoki, jibu tu "sawa". Mimi nilikuwa napunguza stoki kila mara bila kuangalia, mstari haukujirudia lakini stoki ilikuwa inashuka mara mbili, na nilitumia usiku mzima kutafuta kwa sababu ukiangalia jedwali la oda kila kitu kiko safi. Mistari na stoki vibadilike kwenye transaksheni moja ya seva, na jibu libebe stoki mpya ya bidhaa zilizoguswa.

Laptop ikipata jibu, inafanya mambo mawili ndani ya `with db` moja: inageuza hali kuwa 'imefika' na inaandika ile stoki mpya. Ukizitenganisha, kuna dakika ambapo oda haihesabiwi tena kama inasubiri na stoki ya seva bado ni ya zamani, makartoni yaliyouzwa yanafufuka kwenye skrini, na muuzaji anayauza tena.

Kwa sababu hiyo hiyo mpangilio ni lazima: kwanza tuma, halafu vuta. Kama kutuma kumeshindikana, usivute stoki. Inawezekana oda zilifika na jibu tu ndilo lililopotea, ukivuta sasa utapewa stoki iliyokwishapunguzwa na wewe utaipunguza tena kwa zile zinazosubiri.

Mengine ya kutuma ni madogo. Tuma kwa mafungu, hamsini hamsini, ili koneksiyo ya dakika mbili nayo ifae kitu. Weka timeout (muda wa mwisho wa kusubiri jibu), sekunde 15 au 20. Ikishindikana subiri sekunde 5, halafu 10, halafu 20, na kadhalika mpaka dakika chache. Na kama seva inakataa oda moja kwa sababu ya kosa la data, isizuie zile zilizo nyuma yake, iweke hali 'imekataliwa' na mwonyeshe muuzaji kwa lugha anayoielewa.

Kuvuta

Usivute vyote kila mara, vuta kilichobadilika. Kila mabadiliko kwenye seva yapewe namba ya mfululizo, laptop ikumbuke namba ya mwisho iliyoiona kwenye jedwali la alama, na mara nyingine iombe kuanzia hapo. Kuna shimo moja humu: transaksheni inaweza kuchukua namba 801 ikachelewa kumaliza, na 802 ikamaliza kwanza, wewe ukavuta ukaona 802 na kukumbuka 802, basi 801 hutaiona milele. Dawa rahisi ni kurudi nyuma kidogo, omba kuanzia namba 200 nyuma ya alama yako, maana kupokea mstari mara mbili hakudhuru kitu ukiandika hivi:

```
INSERT INTO bidhaa (id, jina, bei_senti, toleo, imefutwa)
VALUES (?,?,?,?,?)
ON CONFLICT(id) DO UPDATE SET
  jina=excluded.jina, bei_senti=excluded.bei_senti,
  toleo=excluded.toleo, imefutwa=excluded.imefutwa
WHERE excluded.toleo > bidhaa.toleo
```

Hii inataka SQLite 3.24 au zaidi, ya 2018. Alama mpya iandikwe kwenye transaksheni ile ile ya mistari, ili umeme ukikatika katikati usijikute na alama ya mbele na mistari ya nyuma.

Bidhaa ikiondolewa kwenye seva usiifute na DELETE, weka imefutwa kuwa 1. Mstari uliofutwa kabisa hauwezi kusafiri, laptop haitajua umekufa, na dawa iliyoondolewa sokoni itaendelea kuuzwa kisiwani miezi mitatu.

Mkigongana

Kwa stoki, matukio yanajumlishwa, -30 na -50 zinakwenda vizuri kwa mpangilio wowote. Kwa vitu ambavyo havijumlishwi, kama namba ya simu ya mteja, tuma thamani mpya pamoja na toleo ulilolisoma (namba inayopanda kila mstari ukibadilishwa), na seva ibadilishe tu kama toleo bado ni lile. Kama si lile, mwonyeshe mtu thamani zote mbili achague. Bei mimi nimeamua seva ndiyo inashinda daima, muuzaji habadilishi bei, lakini oda iliyokwishaandikwa inabaki na bei yake ya siku ile hata kama bei imepanda, kwa sababu mteja alikubali bei hiyo.

Bado kuna jambo moja ambalo programu peke yake haiwezi. Wauzaji wawili wasioonana, stoki 120, kila mmoja anaweza kuahidi 100 kwa nia njema. Hesabu itakuja sahihi kabisa: -80. Kujumlisha vizuri hakuleti dawa ghalani. Tulichofanya ni kugawa asubuhi kabla hawajaondoka: 50 za wa Idjwi, 40 za wa Kabare, 30 zinabaki depo. Laptop ya kila mmoja inajua fungu lake tu na inakataa kulivuka, na stoki_ya_seva inabeba fungu hilo badala ya stoki nzima. Akimaliza lake anapiga simu, depo inamwongezea kama zipo. Wazee wa depo waliielewa mara moja kuliko mimi, ndivyo walivyokuwa wanafanya na daftari.

Nakala ya akiba

Ukitaka kuweka nakala kwenye flashi, usikopi faili ya .db peke yake wakati programu iko wazi. Ukiwa na WAL, mauzo ya karibuni yanaweza kuwa bado yako kwenye faili ya pembeni yenye -wal mwishoni, na utakopi mwili bila damu. Tumia hii:

```
nakala = sqlite3.connect("/media/flashi/stoki.db")
db.backup(nakala)
nakala.close()
```

Na weka namba ya muundo wa majedwali kwenye `PRAGMA user_version`, kwa sababu kuna laptop itakaa wiki tatu bila kuona mtandao na itarudi na programu ya zamani. Seva iendelee kupokea oda za muundo wa zamani. Usimwambie mtu asasishe kwanza ndipo atume, atume kwanza.

Kuijaribu

Usijaribu ukiwa ofisini na wifi nzuri. Andika oda tano, zima wifi, andika tano nyingine, ua programu ghafla kwa `kill -9` katikati ya ya kumi na moja, fungua tena uhesabu. Halafu kwenye seva ya majaribio weka mstari wa kodi unaohifadhi oda na kukata koneksiyo kabla ya kujibu, uone laptop inatuma tena na stoki inashuka mara moja tu. Rudisha saa ya laptop mwaka 2015 uone kama kuna kinachovunjika. Mwisho chukua laptop mbili, zote zima mtandao, uza 30 kwenye moja na 50 kwenye nyingine, washa ya pili kwanza, halafu ya kwanza, halafu rudia kwa mpangilio wa kinyume. Mimi nilifanya jaribio hilo mbele ya yule mzee wa depo, akahesabu makartoni kwa kidole mara mbili, akafika 40, akaangalia skrini, na hapo ndipo akakubali laptop zirudi kwenye boti.